Udongo si Waya: Kupeleka Umeme Katika Stoo ya Uani

Atembeaye katika viunga vya Dar es Salaam, iwe ni upande wa Chamazi, Toangoma na Mbagala katika Wilaya ya Temeke, au upande wa Bunju, Boko na Tegeta katika Wilaya ya Kinondoni, ataona kwamba ni viwanja vichache vyenye nyumba moja tu. Nyuma ya nyumba kuna banda la kuku, jiko la nje, au stoo ya kuwekea pumba, saruji na vifaa vya kazi. Mara nyingi stoo hiyo ni ya mabati, na haikai muda mrefu kabla mwenyewe hajataka taa ndani yake. Baada ya taa hutaka friji, na baada ya friji hutaka mashine ya kuchanganyia chakula cha kuku. Hapo huvutwa waya wa ekstensheni kutoka dirisha la chumbani, ukapitishwa juu ya tawi la mwembe, na mambo yakawa yamekwisha.

Makala haya hayakusudii kumfundisha msomaji kufunga umeme kwa mikono yake. Kazi hiyo ni ya fundi aliyepewa leseni na EWURA, naye huwajibika kwa kazi yake kisheria. Shabaha yetu ni kueleza sayansi iliyomo katika kazi hiyo, ili mwalimu wa fizikia apate mfano ulio karibu na maisha ya wanafunzi wake, na ili mwanafunzi aweze kumwuliza fundi maswali yanayostahili. Msomaji atakayefika mwisho ataona kwamba hesabu yote inategemea Kanuni ya Ohm, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huikariri. Lakini ni wachache wanaoitumia wanapoitazama nondo ya shaba iliyochimbiwa nyuma ya nyumba yao.

Stoo iliyo mbali na nyumba yafaa iwe na sanduku lake la mgawanyo, ambalo mafundi huliita DB. Kutoka katika sanduku kubwa la nyumbani hutoka kebo moja tu, inayolindwa na sakiti breka yake. Kebo hiyo huingia katika sanduku dogo la stoo, na humo hugawanywa: breka moja ya taa, moja ya soketi, moja ya mashine. Katika sanduku hilo pia kuna swichi kuu inayokata waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja, ili mtu akitaka kuzima umeme wote wa stoo asilazimike kukimbilia nyumbani. Hiyo ndiyo faida ya kwanza, wala si ndogo wakati mashine inapotoa moshi.

Sasa tuitazame kebo yenyewe. Umeme tunaoutumia Dar es Salaam husafiri mbali. Bwawa la Kidatu lilianza kuzalisha mwaka 1975, la Mtera mwaka 1988, na mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji uliwashwa mwaka 2024. Kutoka Kidatu umeme huletwa Ubungo kwa msongo wa kilovolti 220, kwa sababu msongo ukiwa mkubwa mkondo huwa mdogo, na nguvu inayopotea njiani hutegemea mraba wa mkondo. Wahandisi wamefanya kazi kubwa ili hasara isizidi katika mamia ya kilomita. Kisha umeme ukifika Chamazi, mwenye nyumba huuvusha mita 40 za mwisho kwa waya mwembamba, na hapo hapo sehemu nzuri ya kazi hiyo huharibika.

Tuseme stoo iko mita 40 kutoka nyumbani. Ndani yake mna taa nne za wati 10, friji ya wati 200, na mashine yenye mota ya kutumia wati 2,200. Jumla ni wati 2,440. Tukigawanya kwa volti 230 twapata ampea 10.6, lakini mota haitumii mkondo wake wote kufanya kazi, hivyo tukichukua kipengele cha nguvu cha 0.8 twafikia kiasi cha ampea 13. Fundi mwenye busara ataacha nafasi ya kukua na kupanga ampea 20.

Ukinzani wa waya hupatikana kwa kuzidisha ukinzani mahususi wa shaba, ambao ni 1.72 × 10⁻⁸ omu-mita, kwa urefu wa waya, kisha kugawanya kwa eneo la mkato wake. Hapa wanafunzi wengi hukosea, kwa kuwa husahau kwamba mkondo huenda na kurudi. Urefu si mita 40 bali ni mita 80. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za kawaida, ukinzani ni omu 0.55. Mkondo wa ampea 20 ukipita humo hupoteza volti 11, yaani karibu asilimia 5 ya volti 230, na waya hutoa joto la wati 220. Kwa waya wa milimita za mraba 6, ukinzani ni omu 0.23, hupotea volti 4.6 tu, yaani asilimia 2, na joto ni wati 92. Desturi iliyorithiwa kutoka kanuni za Uingereza ni kwamba upotevu usizidi asilimia 3 kwa taa na asilimia 5 kwa vyombo vingine, ikihesabiwa tangu umeme unapoingia nyumbani.

Hata hivyo mtihani mgumu wa waya ni pale mota inapoanza kuzunguka. Wakati huo mota hudai mkondo mara nne, tano au zaidi ya ule wa kawaida. Tuchukue ampea 60. Katika waya wa 2.5 hupotea volti 33, na mota hubaki na volti 197. Kwa kuwa nguvu ya mota ya kujizungusha hufuata mraba wa volti, mota hiyo imepoteza zaidi ya robo ya nguvu yake wakati inapoihitaji kuliko wakati wowote. Hunguruma bila kuzunguka, hupata joto, na mwishowe nyuzi zake huungua. Mwenye mashine husema umeme wa mtaa ni mdogo. Pengine ni kweli. Lakini kabla ya kulaumu mtaa yafaa apime volti sehemu mbili, nyumbani na stoo, mashine ikiwa inaanza. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni mali yake mwenyewe.

Kuhusu njia ya kebo hatutasema mengi. Kebo yenye deraya ya nyuzi za chuma, ikichimbiwa kina cha nusu mita au zaidi, ikalazwa juu ya mchanga usio na mawe na kufunikwa utepe wa onyo, hukaa miaka mingi. Waya wa kawaida wa nyumbani uliofukiwa bila bomba haudumu: jembe, panya na mchwa wote huufikia.

Sasa tumefika katika jambo lililotufanya tuandike makala haya.

Fundi akimaliza kufunga sanduku la stoo, mara nyingi huchukua nondo ya shaba yenye urefu wa mita 1.2, akaigongomea ardhini kando ya ukuta, akaiunganisha na chuma cha ethi cha sanduku, na kumwambia mwenye nyumba: «Sasa uko salama, umeme ukivuja utaingia ardhini.» Maneno hayo yanasikika vizuri. Twayapime kwa hesabu.

Tuseme waya wa moto ndani ya mashine umechubuka na kugusa bodi ya chuma. Bodi imeunganishwa na nondo. Mkondo utatoka kwenye waya wa moto, utapita bodi, utashuka katika nondo, utapita udongoni hadi kwenye ethi ya transfoma ya mtaa, na kurudi. Ni ampea ngapi? Hilo hutegemea ukinzani kati ya nondo na udongo. Kwa nondo ya mita 1.2 yenye kipenyo cha milimita 16, ukinzani huo ni kiasi cha 0.7 ya ukinzani mahususi wa udongo. Katika udongo wenye unyevu wa omu-mita 100, nondo itakuwa na omu 70 hivi. Katika mchanga mkavu, ambao huweza kufikia omu-mita 1,000 na kuzidi, nondo hiyo hiyo ina omu 700. Nao mchanga ndio uliojaa katika viunga vyetu vingi vya pwani. Na nondo iliyopimwa wakati wa masika itatoa jibu jingine kabisa mwishoni mwa kiangazi.

Tuwe wakarimu, tuchukue omu 70. Volti 230 zikigawanywa kwa omu 70 hutoa ampea 3.3. Breka ya stoo ni ya ampea 20. Kwa breka hiyo, ampea 3.3 ni kama pasi ndogo iliyowashwa. Haina sababu yoyote ya kuruka. Itatulia leo, kesho na mwezi ujao. Wakati huo wote karibu volti 230 nzima ziko kati ya bodi ya mashine na udongo wa mbali kidogo na nondo. Kama mashine imefungwa kwa boliti kwenye nguzo za chuma za stoo, basi na kuta za mabati ziko katika hali hiyo hiyo. Mtoto aliyetumwa kuleta pumba, miguu mitupu, asubuhi ya mvua, akishika mlango wa bati, mwili wake wenye ngozi iliyolowa una ukinzani wa kiasi cha omu 1,000. Hesabu ni nyepesi: hadi miliampea 230. Mkondo wa miliampea 30 tu, ukidumu, hukaza misuli hata mtu ashindwe kuachia. Ukizidi hapo huanza kuvuruga mapigo ya moyo.

Mwenye nyumba anaweza kupata dalili moja kabla ya msiba, nayo hutoka katika mita ya LUKU. Ampea 3.3 kwa volti 230 ni wati 756 hivi, ambazo hazifanyi kazi yoyote ila kupasha udongo joto. Kwa saa 24 ni yuniti 18. Anayeona yuniti zake zinakwisha haraka ilhali mashine imelala, kabla ya kumshuku mpangaji, na azime swichi ya kupeleka umeme stoo na kuitazama mita.

Kwa hiyo nondo haikuwa na makosa. Iliyokosewa ni kazi iliyopewa. Breka hulinda waya usiungue. Ili breka iruke kwa sababu ya hitilafu ya ethi, mkondo wa hitilafu hauna budi kuwa mkubwa, nao hauwi mkubwa mpaka upate njia ya chuma mwanzo hadi mwisho. Palipo na njia kama hiyo, yaani pale ambapo ethi ya nyumba imeunganishwa kwa waya na nyutro ya mtandao mahali umeme unapoingia, mzunguko wote waweza kuwa na ukinzani wa omu 1 tu. Hapo mkondo ni ampea 230, na breka ya ampea 20 huruka mara moja. Lakini pale ambapo nyumba hutegemea nondo yake tu, njia hupita udongoni, na hapana breka ya kawaida itakayotambua hitilafu.

Chombo kinachotatua tatizo hili huandikwa RCD au RCCB. Vile vya zamani viliandikwa ELCB. Hapa tukiite kikata-uvujaji. Katika miaka ya 1950 mhandisi Henri Rubin wa Afrika Kusini alifanya kazi juu ya vyombo vya namna hii kwa ajili ya migodi ya dhahabu, na baadaye vikaingia majumbani. Utendaji wake ni somo zuri la sumaku-umeme. Waya wa moto na wa nyutro hupitishwa pamoja katikati ya pete ya chuma. Kama mkondo unaokwenda ni sawa na unaorudi, nguvu zao za sumaku hubatilishana, na pete hukaa kimya. Mkondo kidogo ukivuja na kurudi kwa njia ya ardhi, usawa huo huvunjika; pete hupata usumaku, na koili ya tatu iliyozungushiwa pete hufyatua swichi. Kile cha miliampea 30 hukata ndani ya sehemu tatu za kumi za sekunde, na haraka zaidi mvujo ukiwa mkubwa.

Tuirudie ile nondo mbaya ya mchanga mkavu, ya omu 700. Ili kikata-uvujaji kiruke zahitajika miliampea 30 tu, na 0.03 × 700 ni volti 21. Maana yake ni kwamba umeme utakatwa kabla bodi ya mashine haijafikia volti 50, ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa mpaka wa hatari. Nondo ambayo peke yake ilikuwa pambo, sasa imekuwa kinga. Bado yafaa ipunguzwe ukinzani, kwa kuwa udongo hukauka na viungo huota kutu ya chumvi: nondo ya mita 2.4 hupunguza ukinzani hadi karibu nusu ya ule wa mita 1.2, na mara nyingi hufikia udongo wa chini ambao haukauki. Kumwaga chumvi juu ya nondo, kama wafanyavyo baadhi ya watu, hupunguza ukinzani kwa muda mfupi na kuila shaba kwa muda mrefu.

Lipo kosa jingine ambalo huua kinga hii, nalo huanza kwa nia njema. Ndani ya sanduku la stoo mna vyuma viwili vya kuunganishia, kimoja cha nyaya za nyutro na kingine cha ethi. Fundi fulani akifikiri kwamba vyote viwili mwishowe huishia ardhini, huviunganisha kwa kipande cha waya. Tangu saa hiyo mkondo wa taa na mashine hurudi kwa njia mbili: sehemu kwa nyutro, na sehemu kwa ethi, deraya ya kebo na mabati. Pete ya kikata-uvujaji cha nyumbani huona kwamba mkondo unaorudi haulingani na uliokwenda, nayo hufanya kazi yake: hukata. Fundi huwasha, kinakata. Huwasha tena, kinakata. Mwishowe husema chombo hiki ni kibovu, hukiondoa, na kila kitu huwaka vizuri. Tokea hapo hakuna kinachomlinda mtu. Isitoshe, siku waya wa nyutro utakapokatika kati ya nyumba na stoo, kila chuma kilichounganishwa na ethi ya stoo kitapata moto kupitia taa iliyowashwa, bila hitilafu yoyote ndani ya mashine.

Kwa hiyo katika sanduku dogo nyutro na ethi hukaa mbalimbali. Kebo itokayo nyumbani iwe na waya wa ethi ndani yake pamoja na moto na nyutro, si nyaya mbili tu. Ethi hiyo iunganishwe na nondo ya stoo kama ipo, na nguzo na kuta za mabati ziunganishwe nayo pia, ili mtu asiweze kushika vyuma viwili vyenye volti tofauti. Kikata-uvujaji cha miliampea 30 kiwekwe stoo. Nyumbani, mwanzo wa kebo, kiwekwe kingine kikubwa kidogo, cha miliampea 100 chenye kuchelewa kwa makusudi, ili hitilafu ya stoo isiizimie taa nyumba nzima. Kitufe chenye herufi T kibonyezwe mara kwa mara. Lakini tukumbuke kwamba kitufe hicho hujaribu chombo chenyewe, hakijaribu nondo. Nondo hupimwa kwa kipimo chake.

Onyo moja juu ya rangi. Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu na wa nyutro ni mweusi. Katika kebo mpya moto ni kahawia, nyutro ni buluu, na ethi ni kijani chenye mistari ya manjano. Na katika kebo za fezi tatu mweusi ni moto. Stoo mpya ikiunganishwa na nyumba ya zamani, rangi mbili za mfumo mmoja hukutana na mbili za mwingine katika sanduku moja. Rangi isiaminiwe kabla ya kupimwa.

JARIBIO LA DARASANI

Jaribio hili hutumia betri au transfoma ya shule ya volti 6 tu. Kamwe lisifanywe kwa umeme wa ukutani.

Jaza ndoo ya plastiki kwa mchanga uliokaushwa juani siku mbili. Chomeka misumari miwili mirefu, sentimita 15 kati yao, ikiingia sentimita 10. Unganisha misumari, chanzo cha volti 6 na miliamita kwa mfuatano. Andika mkondo na ukokotoe ukinzani. Kisha ongeza kikombe kimoja cha maji ya kisima, changanya, na upime tena. Endelea hivyo hadi mchanga uloe kabisa. Chora grafu ya ukinzani dhidi ya idadi ya vikombe. Mwisho chomeka misumari sentimita 5 tu, kisha 20, na ulinganishe. Ikiwa mnatumia betri, mtaona mkondo ukipungua polepole hata bila kubadili chochote, kwa sababu ya viputo vya gesi vinavyojikusanya juu ya misumari. Soma haraka, au tumia mkondo geu wa transfoma. Wanafunzi walete mchanga wa mitaa yao, maana ule wa Mbagala na udongo wa bonde la Msimbazi hautatoa grafu moja.

MASWALI

1. Stoo iko mita 60 kutoka nyumbani. Waya ni wa shaba wa milimita za mraba 4, na mkondo ni ampea 15. Kokotoa upotevu wa volti, na useme kama unafaa kwa taa.

2. Nondo ya omu 45 ndiyo njia pekee ya ethi katika nyumba isiyo na kikata-uvujaji. Waya wa moto wa volti 230 umegusa bodi ya friji. Tafuta mkondo wa hitilafu, na yuniti zitakazopotea kwa siku moja. Puuza ukinzani wa sehemu nyingine za njia.

3. Mtu amesimama juu ya meza kavu ya mbao. Mkono wake mmoja umeshika waya wa moto na mwingine umeshika nyutro. Je, kikata-uvujaji kitamwokoa? Eleza kwa kutumia pete ya chuma.

Majibu ya hesabu: (1) volti 7.7, yaani asilimia 3.4, haufai kwa taa. (2) ampea 5.1, na yuniti 28 hivi. Swali la tatu lijadiliwe darasani.